Kifuniko Hakina Hatia

Kisongo haina bahari. Haina hata mto wa kuogopwa mwaka mzima. Ina makorongo yanayokauka hadi watu wakajenga kandokando yake, kisha ikaja masika moja kuwakumbusha. Bahari ya karibu ni ya Tanga, na kati yake na hapa kuna Moshi, Same, Korogwe na kutwa nzima ya kuendesha gari. Lakini mtu aliyewahi kufanya kazi melini akisimama kando ya barabara ya Dodoma asubuhi na mapema, akayatazama magari ya utalii yanavyotoka Arusha kwa msururu kuelekea Makuyuni, ataona kitu anachokifahamu. Kila gari limetobolewa paa. Juu ya tundu kuna kifuniko, ukingoni mwa tundu kuna mpira, na kwa ndani kuna komeo. Melini kitu hicho hukaa kwenye sitaha, na kazi yake ni kupitisha watu, hewa na shehena bila kupitisha maji. Hapa kazi ni hiyohiyo, ila mawimbi ni vumbi na shehena ni wageni wenye kamera.

Nimekiwaza kifuniko hiki kwa muda, na kila nikikiwaza naona kinaonewa. Gari likivuja, husemwa kifuniko kimechoka. Chombo kikizama, swali la kwanza ni nani hakufunga. Kwa kuwa ndicho kinachoonekana, ndicho kinachoguswa na mkono wa mtu wa mwisho, lawama zote hukiishia chenyewe na mkono huo. Mimi naona kesi hii imepelekwa mahakama isiyo yake.

Tuanze na sababu ya tundu kuwapo. Waliopiga filamu ya Hatari!, iliyotoka mwaka 1962, hawakuhitaji kifuniko chochote. Walifanya kazi upande wa pili wa Mlima Meru, kule Momella, na wakamataji wanyama wa filamu ile walikaa mbele ya magari yaliyo wazi huku upepo ukiwapiga usoni. Mwigizaji John Wayne alilipwa ili ale vumbi lile. Mgeni wa leo hulipa yeye, na anayelipa hataki vumbi. Katika mbuga nyingi za kusini mwa Afrika tatizo hili wamelikwepa: mgeni hufika kambini kwa ndege ndogo, hupanda gari lisilo na paa wala vioo, na huzungushwa nalo humohumo mbugani. Sisi wa kaskazini tuna barabara. Kutoka Arusha hadi geti la Naabi ni zaidi ya kilomita 200, lami hadi geti la Lodoare, kisha vumbi na mabonde ya mawe, ukungu wa baridi kwenye ukingo wa kreta na jua kali la Serengeti, vyote katika siku moja. Gari moja linatakiwa liwe basi la barabarani, kibanda cha kujikinga mvua, na roshani ya kumtazamia simba. Ukipita Tarangire linatakiwa pia liweze kufungwa upesi, maana mbung'o wa kule hawaheshimu tiketi ya mtu. Kitu pekee kinachowezesha kazi zote hizo ni kipande cha paa kinachonyanyuka.

Zamani kazi hiyo ilifanywa na kombi za Volkswagen zenye paa la kunyanyua, nyingi zikiletwa na kampuni za Nairobi. Februari 1977 Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mwaka huohuo Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo makao yake makuu yalikuwa hapahapa Arusha, ikavunjika. Magari ya utalii ya Kenya yaliyokutwa upande huu yakazuiwa. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Sitaki kulikuza jambo hili kupita kiasi, lakini ukiwauliza wazee wa gereji za Arusha walijifunza wapi kukata paa, wengi watakupeleka kwenye miaka ile ya kufungiwa na ile iliyofuata, kampuni za hapa zilipolazimika kuwa na magari yao. Kwanza ilikuwa Land Rover. Sasa anayetawala ni Land Cruiser: inaingia kama pikapu, inarefushwa chasi, inajengewa bodi, inapangiwa viti safu tatu, na mwisho, baada ya kila kitu kunyooka na kukazwa, fundi anapanda juu na grenda na kuanza kuharibu.

Nimesema kuharibu kwa makusudi. Paa la gari hushika pande za kushoto na kulia zisivutane kila tairi moja linapodumbukia shimoni. Ukikata tundu katikati, nguvu zilizokuwa zikipita pale hazipotei. Huzunguka tundu na kujikusanya kwenye kona. Ndiyo maana fundi anayejua kazi huongeza vyuma kuzunguka tundu kabla ya kufikiria kifuniko, na hakati kona ya pembe kali. Nimemwona mmoja akichora kona zake kwa kutumia kopo la rangi la lita 1, akilizungushia chaki kila pembe, kisha akafuata mstari ule kwa subira kuliko alivyofuata mistari iliyonyooka.

Kopo lile lina historia ambayo fundi yule hakuihitaji ili awe sahihi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili Marekani ilijenga meli za mizigo 2,710 za aina iliyoitwa Liberty, kwa haraka isiyowahi kuonekana, mabati yakiunganishwa kwa kuchomelea badala ya riveti. Nyingi zilipata nyufa, na chache zilikatika vipande viwili. Uchunguzi ulionyesha kwamba chuma chenyewe kilikuwa chepesi kuvunjika kwenye baridi, lakini pia kwamba nyufa nyingi zilianzia mahali pamoja: kwenye kona za pembe kali za matundu ya sitaha, pale mizigo iliposhushiwa. Vifuniko vilikuwa vizima. Palipopasuka ni pembezoni mwavyo. Dawa ikawa kuzungusha kona na kuziongezea bati.

Somo likahitaji kurudiwa angani. Tarehe 2 Mei 1952 ndege ya Comet iliondoka London kwenda Johannesburg, safari ya kwanza ya abiria kwa ndege ya jeti duniani, na mojawapo ya vituo vyake ilikuwa Entebbe. Ndege ileile, yenye namba G-ALYP, ilipasukia angani karibu na kisiwa cha Elba tarehe 10 Januari 1954. Watafiti wa Uingereza waliitumbukiza ndege nyingine ya aina hiyo kwenye tangi la maji huko Farnborough, wakaijaza na kuipunguza shinikizo tena na tena hadi ikachanika, na mchaniko ukaanzia kwenye kona ya tundu. Kipande cha paa kilichookolewa baharini kilionyesha hali hiyohiyo: ufa ulianzia kwenye tundu dogo lililokatwa juu, kwa ajili ya antena. Hakuna abiria aliyewahi kulifikiria tundu lile. Leo ndege ndogo zinazoruka uwanja wa Kisongo kwenda Zanzibar zina madirisha yenye kona za duara, na abiria anayeegemeza kichwa pale anadhani ni urembo.

Sasa nije kwenye gari moja nililolishuhudia likitengenezwa. Lilikuwa Defender ya zamani, ya kampuni moja ya utalii ambayo haina haja ya kutajwa, na lilifika gereji baada ya mvua za vuli likiwa na malalamiko mepesi: linavuja juu ya kiti cha nyuma kulia. Gereji nayo haina bango. Ina mwarobaini, mashine ya kuchomelea, mabati, na upande wa kaskazini mashariki ukibahatika unauona Meru wote. Dereva, kijana wa Mianzini, alikuwa na maagizo tayari.

"Shikamoo fundi. Bosi amesema tuweke kifuniko kipya."

"Marahaba. Kipya nitaweka," fundi akajibu bila kuinua kichwa. "Kitakaa wapi?"

Kijana akacheka, akidhani ni mzaha. Fundi akafungua bawaba, akakitoa kifuniko cha zamani na kukilaza juu ya matairi mawili. Akapitisha rula ndefu ya chuma juu yake kwa urefu, kwa upana, na kwa mshazari. Kilikuwa kimenyooka. Kilikuwa na mikwaruzo ya miiba ya migunga, kilikuwa na kibandiko cha kampuni kilichofifia, lakini kilikuwa kimenyooka. Kisha akapanda juu na kupitisha rula ileile kwenye fremu. Kona ya nyuma kulia ilikuwa imezama, kidole kidogo kingepita chini ya rula.

Kilichofuata kilikuwa kazi ya kuchimba. Juu kabisa palikuwa na silikoni nyeupe, mpya kiasi. Chini yake silikoni nyeusi. Chini yake lami ya kuziba paa za nyumba, ile inayouzwa kwa kopo. Chini ya lami palikuwa na kipande cha mpira wa tairi la ndani la baiskeli, kimekunjwa kwa ustadi wa kusikitisha, kwa sababu aliyekikunja alijua kabisa kwamba fremu imezama na aliamua kuijaza badala ya kuinyanyua. Na chini ya vyote palikuwa na unga mweupe. Kila tabaka lilikuwa ni fundi mmoja aliyepokea hela na kumwachia mwenzake. Nilijikuta nawaza kwamba hakuna kati yao aliyekuwa mjinga. Waliambiwa "zuia maji," wakazuia, kwa msimu mmoja, kama walivyoagizwa.

Unga mweupe ndio ulionivutia. Bodi ya Land Rover ni ya alumini kwa sababu ya njaa ya chuma: gari la kwanza lilipoonyeshwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa kwa mgao, ila alumini iliyobaki kutoka viwanda vya ndege ilikuwapo. Waliotoboa Defender hii miaka mingi baadaye waliimarisha tundu kwa chuma cha kawaida, wakakifunga kwenye alumini kwa riveti za chuma, bila kuweka chochote katikati. Metali hizi mbili zikigusana na pakawa na unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Mabaharia wanalijua hilo kwa uchungu. Mwenye boti la kisasa anayefunga fremu ya alumini kwa skrubu za chuma kisichoshika kutu, bila kupaka kitu cha kuzitenganisha, hukuta baada ya miaka kadhaa skrubu zinang'aa na matundu yamekuwa makubwa kuliko skrubu. Baharini chumvi ndiyo inayoharakisha kazi hiyo. Hapa tuna yetu. Vumbi la Manyara, la Natron, la Ndutu ni vumbi la magadi, na magadi yakilowa huyeyusha lile ganda jembamba linaloikinga alumini. Gari hukusanya vumbi hilo kiangazi kizima kwenye mfereji wa fremu, kisha mvua ya kwanza huligeuza uji. Tuko mita zipatazo 1,400 juu ya bahari na bado bahari imetupata, kwa njia ya ziwa lililokauka.

Halafu kuna watu. Gari la utalii linaposimama mbele ya duma, wageni sita huinuka pamoja, huegemeza viwiko kwenye ukingo upande mmoja, na mzito wao ana haki ya kuegemea kama mwepesi. Fremu ilichorwa na mtu aliyefikiria mvua. Hakufikiria viwiko. Kwa miaka kumi na kitu kila chui aliyeonekana upande wa kulia ameishusha kona ile kidogo. Mpira nao umekuwa mgumu kwa jua la huku juu. Ulipokuwa mpya ulikubali kubonyea na kurudi, sasa umebaki na umbo la mbonyeo. Dereva akiona linavuja anakaza makomeo zaidi. Komeo likikazwa juu ya fremu iliyopinda, kifuniko nacho hulazimishwa kupinda, na hapo ndipo mtu husema: si nilisema, kifuniko ndicho kibovu.

Meli kubwa hazikuuamini mpira hata siku moja. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1966 kuhusu vikomo vya kupakia meli umeweka jambo ambalo kwa mtu wa nchi kavu linaweza kuonekana la kuchekesha kwa udogo wake: unataja kimo cha ukingo unaozunguka tundu la sitaha. Pale mbele panapopigwa zaidi na mawimbi, ukingo uinuke angalau milimita 600 kutoka sitahani. Sehemu nyingine za juu, milimita 450. Yaani mataifa yalikaa mezani yakabishana juu ya goti la mtu. Maana yake ni kwamba maji yanapofika kwenye kifuniko yawe yameshashindwa mara moja. Kifuniko ni mlinzi wa pili, na mpira ni wa tatu. Baada ya mpira kuna mfereji, na mfereji una tundu la kutolea maji yaliyofanikiwa kupenya. Muundo mzima umejengwa juu ya dhana kwamba maji yataingia, na kwamba kazi ni kuyaonyesha njia ya kutokea. Kwenye Defender ile ukingo ulikuwa kama upana wa kidole gumba, na tundu la kutolea maji lilikuwa limejengewa nyumba na nyigu wa udongo.

Mafundi wa vyombo wa pwani, kuanzia Pangani hadi Lamu, hawasomi mkataba ule, lakini fikra zao ziko hukohuko. Angalia wanapotumia muda. Ubao mpana hupitiwa haraka. Kwenye kiungo kati ya ubao na ubao ndipo mtu hukaa kutwa na nyundo na patasi butu, akisindilia pamba iliyolowa mafuta, akitia kalafati sentimita kwa sentimita. Chombo kikipandishwa pwani kukarabatiwa, kinachokaguliwa kwanza ni mishono. Nimewahi kumsikia mtu wa bara akishangaa kwamba jahazi "limechakaa" na bado linafanya kazi, wakati boti la plastiki limeng'aa na limelala juu ya mchanga. Mbao zilizochakaa zina mishono inayotunzwa. Hiyo ndiyo habari yote.

Na kuna matunzo ya namna nyingine ambayo ningependa yakumbukwe zaidi hapa nchini. Meli tunayoiita Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye makasha yapatayo 5,000, ikaja Dar es Salaam na kupandishwa reli hadi Kigoma kuunganishwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani walipoona wanashindwa vita, waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walewale waliokuja nayo kutoka Papenburg waliipaka mitambo yake grisi nzito. Waingereza walipoinyanyua mwaka 1924, mitambo ilifaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwenye Ziwa Tanganyika. Mafundi wale hawakujua atakayeinyanyua ni nani; kwa hali ya vita ilivyokuwa, uwezekano mkubwa ulikuwa adui. Walimpakia grisi hata hivyo. Ukilinganisha na mpira wa baiskeli uliokunjwa chini ya lami, unaona tofauti ya mafundi wawili haikuwa ujuzi. Mmoja alimfikiria fundi wa baadaye, mwingine alimficha kitu.

Kesi niliyosema imepelekwa mahakama isiyo yake iliwahi kusikilizwa kweli, Uingereza. Meli ya mizigo Derbyshire, yenye urefu unaokaribia mita 300, ilizama Septemba 1980 kusini mwa Japani katika kimbunga kilichoitwa Orchid. Watu wote 44 walipotea, na hakukuwa na hata mwito mmoja wa kuomba msaada. Familia zilihangaika miaka 14 hadi mabaki yalipopatikana, kilomita 4 chini ya bahari. Ripoti ya wataalamu iliyofuata ilisema kwamba mabaharia hawakufunga sawasawa kifuniko cha tundu dogo la stoo ya mbele, maji yakaingia humo. Fikiria kuwa mjane, usubiri karibu miaka 20, kisha uambiwe kwamba mumeo alisahau kukaza skrubu. Familia zilikataa. Uchunguzi ukafunguliwa upya chini ya jaji, na mwaka 2000 akatoa hukumu tofauti: mawimbi yaliyapasua mabomba ya kupitishia hewa yaliyokuwa juu ya sitaha ya mbele, maji yakajaa polepole, pua ya meli ikazidi kushuka, hadi uzito wa bahari ukavunja kifuniko kikubwa cha ngama ya kwanza, kisha cha pili, kisha cha tatu. Mabaharia hawakuwa na kosa. Tena ilionekana kwamba kanuni za uimara wa vifuniko zilizotumika wakati ule, zile za mkataba uliopima ukingo kwa milimita, zilikuwa pungufu kwa mawimbi ya aina ile.

Naona kwamba ripoti ya kwanza haikuandikwa na watu wabaya. Ni urahisi wa macho. Kifuniko kina mkono unaokifunga, mkono una mwenyewe, na mwenyewe ana jina. Kanuni pungufu iliyopitishwa mezani haina mkono. Fremu iliyokatwa vibaya na fundi aliyekwisha kuhama mji haina mkono.

Msomaji wa kitabu cha Mwanzo anaweza kuona kwamba safina imelitatua jambo hili kwa namna yake. Kabla mlango haujatajwa, Nuhu ameshaagizwa apake lami, ndani na nje. Mishono kwanza. Na siku ya gharika anayeufunga mlango si Nuhu. Mungu anamfungia. Nuhu amebakiziwa kazi ya baadaye, kuondoa mfuniko na kutazama kama nchi imekauka. Sidhani kama nahodha yeyote tangu siku hiyo amepata mgawanyo wa kazi wenye huruma namna ile.

Kwetu mgawanyo umekuwa mkatili zaidi, na kuna tukio moja ambalo siwezi kuandika juu ya matundu nikaliruka. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Ililala juu chini, tumbo lake likiwa nje ya maji, na ndani watu walikuwa hai, wakigonga bati. Kilichowaweka hai ni hewa iliyonaswa chini ya bati lile. Ndicho kilichoiweka hata meli yenyewe juu. Waokoaji walikata tundu kuwatoa. Hewa ikatoka, na meli ikazama. Mamia ya watu walikufa. Kwa miaka mingi sasa mazungumzo ya mtaani huishia kwenye tundu lile na kwa aliyelikata. Nimeyasikia Mwanza, nimeyasikia kwenye basi la Singida. Sina moyo wa kuyarudia. Mtu yule alisimama juu ya chuma akisikia mikono ya watu inagonga chini ya miguu yake, na kila mtu anamkodolea macho. Kila kitu kilichomfikisha pale kilifanyika kabla yake, na wengine: uzito uliopakiwa, uthabiti wa meli uliokuwa na matatizo, bandari iliyoruhusu safari. Yeye alipewa tu kona ya mwisho ya tundu.

Mwaka 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara, fundi mitambo mmoja alitolewa akiwa hai baada ya siku 2, akiwa amejihifadhi mahali palipobaki na hewa. Wengi waliokuwa wakifuatilia redioni walishangilia. Waliokumbuka 1996 walishangilia kwa sauti ya chini kidogo.

Kisongo, kazi ilichukua siku zaidi ya alizotaka bosi. Fundi alikwangua tabaka zote hadi alumini ikabaki tupu, akakata kipande kilicholiwa, akaweka kingine. Aliinyanyua kona kwa jeki ndogo ya gari akiisukuma kutoka ndani, robo mzunguko baada ya robo mzunguko, akirudi juu kila mara na rula. Chuma cha kuimarisha alikipaka rangi ya kuzuia kutu mara mbili, na kati yake na alumini akalaza ukanda mwembamba wa mpira ili visionane tena. Riveti alitumia za alumini. Ukingo aliuongeza kimo. Si milimita 450, maana paa lingegonga matawi, lakini kiasi cha kuyafanya maji yafikirie mara mbili. Akazibua mfereji, akawahamisha nyigu. Kisha akachukua kifuniko kilekile cha zamani, chenye mikwaruzo ya migunga, akakivalisha mpira mpya na kukirudisha mahali pake. Makomeo aliyafunga kwa vidole viwili.

"Usikaze," alimwambia dereva. "Ukiona unahitaji kukaza, niletee gari."

Kijana alipanda juu na bomba la maji, akamwagia kona ya kulia hadi mfereji ukaanza kutoa maji kwa pembeni, sawasawa, kama ulivyotakiwa. Ndani kiti kilikuwa kikavu. Akapapasa sifongo ya kiti mara kadhaa kama haamini. Lakini hakuonekana mwenye furaha, na nilielewa sababu aliposhuka na kumvuta fundi pembeni. Kampuni ilikuwa imemwambia kwamba kifuniko kiliharibika mikononi mwake, kwa kuachwa wazi kwenye barabara mbovu, na kwamba gharama ya kipya ingekatwa kwenye mshahara wake kwa miezi miwili.

"Sasa fundi, kwenye risiti," alisema, "usiandike kifuniko."

Fundi alikuwa ameshatoa kitabu cha risiti mfukoni na kalamu iko mkononi. Akamtazama.

"Kifuniko nimekifanya nini mimi? Nimekirudisha kama kilivyokuja."

Akaandika fremu, akaandika kona ya nyuma kulia, akaandika chuma na alumini vilivyounganishwa vibaya, na kwa kuwa mstari ulikuwa haujaisha akaongeza: kazi ya zamani. Kijana akamwomba aweke na tarehe ilipotengenezwa bodi, ambayo ilikuwa imegongwa kwenye kibati kidogo chini ya kiti cha dereva, miaka kadhaa kabla hajaajiriwa. Fundi akavaa miwani, akainama chini ya usukani kuisoma.